«Sikutaka kuua»: mashindano ya motokari katika njia za watu



Liko neno moja ambalo waamuzi wa nchi nyingi wamelisikia mara nyingi sana. Mtu amesimama mbele ya baraza la hukumu, kichwa chini. Motokari yake imemwua mtu. Aulizwa: «Wasemaje?» Ajibu: «Sikutaka kuua. Ilikuwa ajali tu.» Na pengine asema kweli, kwa maana hakuondoka nyumbani na chuki moyoni, wala hakumjua yule aliyekufa. Lakini je, neno hilo latosha kumtoa hatiani? Mtu aliyefanya kwa hiari yake jambo ambalo kila mwenye akili ajua kwamba laweza kuua, aweza kusema baadaye kwamba hakutaka?

Juma hili twataka kulichungua swali hilo pamoja nanyi, kwa sababu ya mchezo mmoja mbaya ulioenea katika miji mikubwa ya dunia: vijana kushindana mbio za motokari katika njia za watu wote, bila ruhusa ya serikali. Tumechagua shauri moja lililotokea Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Waamuzi wa nchi ile walilipima kwa muda wa miaka kadhaa, wakalirudia tena na tena, na kila hatua yao ina fundisho kwetu.

Mbio za halali na mbio za haramu

Kwanza tusichanganye mambo. Yako mashindano ya halali. Hayo hufanywa katika uwanja wake, au katika njia iliyofungwa. Watazamaji husimama nyuma ya kizuizi, waganga hungoja karibu, na madereva ni watu waliojifunza kazi yao, wenye kofia ngumu kichwani. Mashindano hayo hatuyalaumu.

Lakini hata mbio za halali, zilipofanywa katika njia zipitazo kati ya vijiji na watu, zilileta msiba. Zamani Waitalia walikuwa na mashindano makubwa yaliyoitwa Mille Miglia, maana yake «maili elfu». Madereva walitoka mji wa Brescia, wakashuka mpaka Roma, wakarudi tena Brescia, mwendo wa kilomita 1600 hivi. Tarehe 12 Mei 1957, karibu na mji mdogo wa Guidizzolo, mpira wa gurudumu la motokari moja ulipasuka. Motokari ikaruka nje ya njia, ikawaangukia watazamaji. Walikufa watu tisa waliokuwa kando ya njia, na watano kati yao walikuwa watoto. Dereva na mwenzake walikufa pia. Baada ya msiba huo serikali ya Italia ilikataza mbio za namna hiyo katika barabara zake.

Fikirini basi. Dereva yule alikuwa stadi, motokari yake ilitengenezwa na mafundi hodari, na watu wote wa mahali pale walijua kwamba siku ile mbio zitapita. Hata hivyo, mpira mmoja ulipopasuka, ustadi wote haukufaa kitu. Itakuwaje kwa kijana asiye na ustadi huo, apitaye usiku katika njia ambamo hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba atapita?

Usiku ule wa Berlin

Mbio za haramu mara nyingi hazina hata mtu aliyeziandaa. Motokari mbili zakutana mbele ya taa nyekundu. Dereva mmoja amtazama mwenziwe, akanyaga mafuta kidogo, mashine yanguruma. Wa pili ajibu kwa mngurumo wake. Hawakusemezana neno, lakini wamekwisha kupatana. Taa yageuka kijani, nao waondoka kama mishale. Hakuna fedha wala kikombe cha kushindaniwa. Tuzo lao ni hili tu: kumwona mwenzao nyuma, katika kioo.

Jambo la Berlin lilitokea tarehe 1 Februari 2016, baada ya usiku wa manane. Njia yenyewe yaitwa Kurfürstendamm, nayo ni mojawapo ya njia kubwa za mji ule, yenye maduka mengi na hoteli. Mwendo ulioruhusiwa na sheria ulikuwa kilomita 50 kwa saa. Vijana wawili, mmoja katika Audi, mwingine katika Mercedes, walianza kushindana. Walipita taa nyekundu moja, wakapita nyingine, na nyingine tena. Walipofika katika njia ya Tauentzienstraße, Audi ilikuwa ikienda kilomita 160 kwa saa, au zaidi.

Wakati ule ule mzee mmoja wa miaka 69 alikuwa akiingia njia panda kutoka njia ya kando, katika gari lake aina ya Jeep. Taa ya upande wake ilikuwa ya kijani. Hakuvunja sheria yo yote. Audi ilimgonga ubavuni kwa nguvu zote, ikalitupa gari lake mbali, mita 70 hivi, naye akafa mahali pale. Wale vijana wawili walitoka na majeraha madogo.

Tulitafakari jambo hilo. Katika ajali nyingi za namna hii, mwenye kosa huketi ndani ya chombo kizito, chenye mikanda na mifuko ya hewa ya kumkinga. Yule asiye na kosa hujikuta njiani kwa miguu, au juu ya baiskeli, au katika gari lililogeuza ubavu. Aliyeanzisha hatari huwa na kinga kuliko wote, na yule ambaye hakuulizwa ndiye alipaye.

Hesabu isiyodanganya mtu

Wanafunzi, twaeni kalamu na karatasi, tupige hesabu pamoja.

Motokari iendayo kilomita 50 kwa saa yapita mita 14 hivi katika sekunde moja. Iendayo kilomita 160 yapita mita 44 katika sekunde hiyo moja. Sasa, mtu aonapo hatari, mguu wake haufiki kwenye breki papo hapo. Jicho laona, akili yafahamu, mguu waondoka: karibu sekunde moja imepita. Katika sekunde hiyo motokari ya mwendo wa 160 imekwisha kula mita 44, wala haijaanza kupunguza mwendo hata kidogo.

Kisha breki zaanza kazi yake. Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Wadhani kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama nayo yazidi mara mbili. Sivyo. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya breki huzidi mara nne; ukizidi mara tatu, huzidi mara tisa. Gawanyeni 160 kwa 50, mtapata 3.2. Zidisheni 3.2 kwa 3.2, mtapata zaidi ya 10. Kwa hiyo, katika njia kavu ya lami, ikiwa motokari ya mwendo wa 50 yahitaji mita 14 ili breki ziisimamishe, motokari ile ile kwa mwendo wa 160 itahitaji zaidi ya mita 140. Ongezeni mita za ile sekunde ya kwanza. Dereva wa 50 atasimama katika mita 28 hivi. Dereva wa 160 katika mita 185 hivi, yaani karibu urefu wa viwanja viwili vya mpira.

Nguvu ya pigo nayo hufuata hesabu ile ile. Motokari igongayo ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 yapata pigo kama la kuanguka chini kutoka mahali penye urefu wa mita 10. Kwa mwendo wa kilomita 160, ni kama kuanguka kutoka juu ya mita 100. Nani atamweka mwenziwe juu ya mnara wa mita 100, akamsukuma, halafu akasema kwamba hakujua lipi litatokea?

Vijana husema: «Mimi ni dereva hodari, macho yangu ni makali.» Tumekubali, uwe hodari. Lakini hodari na mjinga, breki zao zahitaji mita zile zile.

Waamuzi walisema nini

Zamani si nyingi sheria ya Ujerumani ilikuwa pole kwa watu wa mchezo huu. Aliyeshindana barabarani, kama hapakuwa na madhara mengine, alilipa faini ya euro 400, akakatazwa kuendesha motokari kwa mwezi mmoja, basi, shauri likaisha.

Na hata mtu alipokufa, adhabu ilionekana ndogo. Mwaka 2015, katika mji wa Köln, vijana wawili walikuwa wakikimbizana. Mmoja alishindwa kulitawala gari lake, likamgonga msichana mwanafunzi wa miaka 19 aliyekuwa akienda kwa baiskeli. Msichana huyo alikufa. Mwaka uliofuata baraza liliwahukumu vijana hao, mmoja kifungo cha miaka miwili, mwenziwe mwaka mmoja na miezi tisa, lakini likawaacha nje ya gereza kwa sharti la kushika mwenendo mwema. Mwaka 2017 Baraza Kuu la Hukumu lilitengua sharti lile, na mwaka 2018 baraza la Köln likakata neno kwamba kifungo kiwe kifungo kweli.

Turudi sasa Berlin. Tarehe 27 Februari 2017 baraza la mji ule liliwahukumu vijana wote wawili kifungo cha maisha, kwa kosa la kuua kwa kusudi. Neno hilo lilistaajabisha nchi nzima, kwa maana washindani wa barabarani walikuwa hawajapata kuhukumiwa hivyo katika Ujerumani. Watu wengi waliuliza: «Yawezekanaje? Hawakumjua yule mzee. Walikuwa wakicheza tu.»

Ili kufahamu, lazima tujue kwamba sheria ya Ujerumani yatenga namna mbili za watu wasababishao kifo pasipo kukitamani. Wa kwanza aona hatari, lakini ana sababu ya kutumaini kwa kweli kwamba haitatokea. Huyo ana kosa la uzembe. Wa pili aona hatari, afahamu vema kwamba mtu aweza kufa, naye asema moyoni: «Na iwe iwavyo, mimi siachi.» Huyo wa pili hakukitamani kifo, lakini amekikubali. Sheria yamhesabu pamoja na wale wauao kwa kusudi.

Mawakili wa vijana walijibu: mtu hawezi kukubali kugongana, kwa maana yeye mwenyewe yumo ndani ya motokari. Baraza la Berlin likasema kwamba vijana wale, ndani ya magari yao mazito, walijiona salama kama watu waliomo ngomeni.

Lakini shauri halikuishia hapo. Tarehe 1 Machi 2018 Baraza Kuu liliitengua hukumu ile. Angalieni sana sababu yake. Baraza la Berlin lilikuwa limesema kwamba vijana walikikubali kifo walipoingia katika njia panda. Baraza Kuu likajibu: wakati ule walikuwa hawawezi tena kupiga breki wala kugeuza usukani. Mambo yote yalikwisha kutoka mikononi mwao. Nia ya kuua lazima iwepo wakati mtu angali na uwezo wa kutenda au kuacha. Basi ni lazima kuuliza: kabla ya njia panda, wakati walipokuwa wakiweza kusimama bado, walijua nini, na walikubali nini?

Tarehe 26 Machi 2019 waamuzi wengine wa Berlin walilipima shauri upya, wakajibu swali hilo, na hukumu ikawa ile ile: kifungo cha maisha kwa wote wawili. Tarehe 18 Juni 2020 Baraza Kuu liliithibitisha hukumu ya dereva wa Audi. Kwa habari ya mwenziwe wa Mercedes, lilisema kwamba haikuonyeshwa wazi kuwa wawili hao walipatana pamoja kuua. Basi shauri lake lipimwe mara ya tatu. Tarehe 2 Machi 2021 huyo naye alihukumiwa kifungo cha miaka 13 kwa kosa la kujaribu kuua, ingawa gari lake silo lililomgonga mzee, kwa sababu yeye pia alikubali kwamba mbio zake zaweza kumwua mtu. Dereva wa Audi alijaribu njia ya mwisho, akalilalamikia Baraza la Katiba. Katika Desemba 2022 baraza hilo lilimkatalia.

Wakati mashauri hayo yalipokuwa yakiendelea, sheria yenyewe ilibadilika. Tangu tarehe 13 Oktoba 2017, katika Ujerumani, kuandaa mashindano ya motokari barabarani bila ruhusa, au kushiriki, ni kosa la jinai hata kama hakuna aliyeumia: kifungo chaweza kufika miaka miwili. Ikiwa mshindani amehatarisha maisha ya watu, chaweza kufika miaka mitano. Ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, miaka kumi. Hata dereva aliye peke yake, akiendesha ovyo kwa mbio za kupita kiasi ili kupata mwendo mkubwa kuliko wote awezao, ameingia katika sheria hiyo. Ruhusa ya kuendesha huondolewa, na motokari yenyewe yaweza kuchukuliwa na serikali, isirudi kwa mwenyewe.

Saa ya kukata shauri

Wapenzi wasomaji, pimeni jinsi hesabu na sheria zilivyokutana katika shauri hili. Hesabu yasema: katika mbio kubwa, ukiiona hatari, umekwisha chelewa. Sheria yasema: basi hatukuulizi ulitaka nini dakika ile ya mwisho, twakuuliza ulikubali nini kabla yake, mguu wako ulipokuwa huru bado. Ile taa nyekundu ya kwanza waliyoipita, hapo ndipo walipoweza kuacha. Na ya pili. Na ya tatu. Kila taa ilikuwa kama mtu awaulizaye: «Mwaendelea?» Nao walijibu kwa mguu wao: «Twaendelea.» Kwa hiyo yule asemaye «sikutaka» huenda hasemi uongo, lakini anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Ndiyo sababu twaona kwamba msaada wa kweli kwa kijana hauwezi kungoja njia panda. Lazima uje mapema, wakati maneno yafaa bado.

Wazazi, mnapomkabidhi mtoto ufunguo wa motokari au wa pikipiki, msimwulize tu kama ajua kuendesha. Muulizeni afanyeje mwenziwe akimpita na kumcheka. Katika swali hilo mtamjua kuliko katika mitihani yote ya udereva. Kijana awezaye kupitwa bila kuona haya, huyo mwaweza kumpa ufunguo. Yule ambaye kila apitwapo aona ametukanwa, acheni akomae kwanza.

Watazamaji nao wasijione hawana neno. Mshindani asiye na watazamaji huchoka upesi. Wale wapigao makelele kando ya njia, na wale washikao simu zao ili kupiga picha na kuzieneza, ndio wampao tuzo analolitafuta. Hawashiki usukani, lakini wanaukanyaga mguu wa dereva.

Wanafunzi, pengine mwasema: «Habari hizi ni za matajiri wenye Audi na Mercedes, sisi twaenda kwa miguu.» Lakini hamwendi kwa miguu siku zote. Mara kwa mara mtapanda gari la rafiki au pikipiki ya jamaa, na siku moja dereva wenu atamwona mwingine kando yake, naye ataanza kunyoosha shingo. Siku hiyo itakuwa vigumu kusema, kwa maana wenzenu watacheka, na dereva atasema kwamba mwaogopa. Mwambieni kweli, mwaogopa. Kuogopa mita 185 ni akili, wala si aibu. Wazee walikwisha kutuambia kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini yule mzee wa Berlin hakuachiwa baadaye yo yote.

Jifunzeni basi neno moja fupi, mliweke tayari mdomoni, ili siku hiyo msilitafute: «Nishushe hapa.» Mkishuka mmoja, mara nyingi wa pili atashuka pia, kwa maana naye alikuwa akiogopa kimya. Na dereva aliyeachwa peke yake, bila wa kumsifu, huenda akaitazama taa iliyo mbele yake, akaona kwamba ni nyekundu.